Pimeni Maji Mwezi wa Kumi: Barua ya Wazi kwa Wanaopanga Maji ya Vijiji vya Nyanda za Juu Kusini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe,
Wahandisi wa maji vijijini, na Bodi za Maji za Mabonde ya Rufiji, Rukwa na Nyasa.

YAH: KUPANGA MIRADI YA VIJIJI KWA MAJI YALIYOPO KIANGAZI

Kamwene, na salamu kwa heshima zote.

Mimi ni mwanamke wa kijijini, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji ya kijiji chetu. Jina la kijiji naliweka pembeni, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanavihusu vijiji vingi kuanzia Kilolo hadi Ileje, na sipendi yaishie kwenye kumtafuta mtu mmoja wa kulaumiwa. Ombi langu nalitanguliza ili lisipotee njiani. Kabla mradi wowote wa maji wa kijiji haujaingizwa kwenye bajeti, chanzo chake kipimwe mwezi wa kumi, au mwanzoni mwa wa kumi na moja kama mvua zimechelewa. Kipimo kiandikwe pamoja na tarehe yake, kisha kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kabla bomba la kwanza halijashushwa kwenye lori.

Naomba nieleze kwa nini.

Mvua zetu huku ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba, zinakolea Januari hadi Machi, zinakatika Aprili au Mei. Upande wa Rungwe na Busokelo ndiko zinakovuta zaidi. Baada ya hapo mito na chemchemi zinaishi kwa maji yaliyozama ardhini, na kila mwezi unaopita yanapungua, mpaka Oktoba yanapofika chini kabisa. Bajeti nayo ina kalenda yake. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Bunge linakaa Dodoma kuijadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, kwa hiyo makisio ya wilaya lazima yaandaliwe miezi ya kabla ya hapo. Hiyo ndiyo miezi ambayo mara nyingi gari la upimaji linaonekana kijijini, likiteleza kwenye tope. Mtaalamu anapanda hadi chanzoni, anakuta maji yanafurika juu ya mawe, anapima, anaandika, anashuka. Hajamdanganya mtu. Amepima kwa uaminifu maji ambayo ikifika Septemba hayapo.

Kwetu ilikuwa hivyo. Mradi ulikuja, tukaupokea kwa furaha, wanawake tukapiga vigelegele siku ya uzinduzi, na mwaka wa kwanza haujaisha vitongoji viwili vya juu vikawa vinaona vilula, yaani mabomba ya kuchotea maji, vikiwa vikavu kuanzia mwishoni mwa Agosti. Watu walisema mkandarasi ameiba. Wengine walisema fundi wetu anafunga valvu kwa upendeleo. Kuna kaya hadi leo hazisalimiani kwa maneno yaliyosemwa kwenye foleni ya madumu. Ndipo vijana wawili wa kidato cha nne wakapendekeza tukapime wenyewe.

Upimaji wenyewe ni rahisi sana, na naomba kila anayesoma barua hii aujue. Unaziba mkondo kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, unachomeka kipande cha bomba ili maji yote yapite hapo, unakinga ndoo ya lita 20, na mwenzako anahesabu sekunde kwenye simu. Unarudia mara tatu na kuchukua wastani. Tulipopima mwezi wa nne, ndoo ilijaa kwa sekunde 10. Tulipopima mwezi wa kumi, chanzo kilekile, ndoo ileile, ilichukua sekunde 40.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Sekunde 10 kwa ndoo ya lita 20 ni lita 2 kwa sekunde, yaani lita 172,800 kwa siku nzima. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku. Gawanya, utaona chanzo kinatosha watu zaidi ya 6,900. Kwenye karatasi sisi ni matajiri wa maji. Lakini sekunde 40 kwa ndoo ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku, na hizo zinatosha watu 1,728 tu. Hapo hujatoa maji ya shule, zahanati na mifugo, wala yanayovujia njiani. Mchoraji wa mradi aliyeshika namba ya kwanza atatandaza mabomba hadi kitongoji cha mwisho na kuweka kilula kila kona. Aliyeshika namba ya pili atafanya kazi tofauti kabisa.

Na atafanya nini? Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu nusu lita kwa sekunde ikipangwa vizuri inafaa. Usiku watu wanapolala, kwa saa kumi, mkondo huo unatoa lita 18,000. Tenki likiwa kubwa vya kutosha, maji yote ya usiku yanawekwa, asubuhi yanagawiwa kwa zamu inayojulikana. Tenki likiwa dogo linajaa mapema, na maji yanayobaki yanarudi mtoni huku wanawake wamejipanga na madumu alfajiri. Aliyejua kipimo cha Oktoba angepunguza urefu wa matawi na fedha hiyo akaiweka kwenye tenki, au angetafuta chanzo cha pili mapema. Tofauti kati ya mradi unaodumu na mradi unaogombanisha watu inaweza kuwa ni mwezi ambao mpimaji alipanda mlimani.

Waheshimiwa, hatuanzi leo kupanga maji katika nchi hii. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila kaya ya kijijini iwe inapata maji safi ndani ya mita 400. Miaka iliyofuata mikoa iligawiwa nchi wahisani ili ziandae mipango mikuu ya maji. Finland walichukua Mtwara na Lindi, Uholanzi wakachukua Shinyanga na Morogoro, Sweden mikoa ya Ziwa, Ujerumani Tanga. Huku kwetu walikuja Denmark kupitia shirika lao la Danida, na mpango wa Iringa, Ruvuma na Mbeya ukatoka mwaka 1982. Wakati huo Njombe, Makete na Ludewa zilikuwa ndani ya Iringa, na Mbozi na Ileje zilikuwa ndani ya Mbeya. Wazee waliokuwa kwenye kamati za maji za enzi hizo bado tunao. Ukitembea nao watakuonyesha mitaro waliyoichimba kwa zamu, kitongoji kwa kitongoji, na mabomba ya wakati huo yapo mahali yanapitisha maji hadi leo.

Sisemi turudi kule. Mipango ile iliandikwa kwa Kiingereza na wataalamu wa nje, ikakaa kwenye makabati ya mkoa, na msaada ulipopungua vipuri navyo vikaadimika. Wananchi walikuwa wamezoea kwamba maji ni ya Serikali, bomba likipasuka wanasubiri. Lakini kuna jambo moja walilolifanya vizuri ambalo nalitamani. Walipita vijiji wakiuliza mnachota wapi, ni mbali kiasi gani, na yanadumu mwaka mzima au yanakatika. Kisha wakapendelea miradi ya mserereko, ambayo maji yanashuka yenyewe bila mashine, na pampu za mkono, vitu ambavyo kijiji kinaweza kuvitunza. Leo nikiulizwa kwa nini mradi wetu ulichukua chanzo hiki na kuacha kile cha upande wa pili wa mlima, sina karatasi ya kuonyesha. Na wengi wa wanaonipigia simu kutoka jumuiya nyingine hawana pia.

Tangu hapo tumepita sera ya 1991 iliyotutaka tuchangie, sera ya 2002, sheria mbili za maji za 2009, Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji iliyoahidi vijiji kumi kila halmashauri, na mwisho Sheria Na. 5 ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyoanza kazi Julai mwaka huohuo. Mabadiliko hayo ya mwisho nayaunga mkono kwa moyo wote. Zamani mhandisi wa maji wa wilaya alikuwa wa halmashauri huku kazi yake ikiangaliwa na wizara nyingine, na sisi wananchi tulikuwa tunazungushwa. Sasa kuna mlango mmoja wa kubisha. Ninachokiomba ni kwamba anayefungua mlango huo awe na kipimo cha Oktoba mezani.

Niseme pia kuhusu asilimia, maana ndizo tunazosikia redioni. Lengo lilikuwa vijiji vifikie asilimia 85 ifikapo 2025. Hesabu ya kawaida ya vijijini imekuwa ni kuchukua vituo vya kuchotea maji na kuvizidisha kwa watu 250 kila kimoja, kwa kuwa ndiyo idadi ambayo sera ya 2002 ilikipangia kituo kimoja. Kwa hesabu hiyo kilula chetu cha kitongoji cha juu ni watu 250 wanaopata maji. Ni kweli Februari. Oktoba hakuna hata mmoja. Wizara ilipofanya kazi kubwa ya kuorodhesha vituo vya maji nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilionekana kwamba karibu vinne katika kila kumi havifanyi kazi. Kazi ile ilikuwa ya ujasiri na ninaiheshimu, kwa sababu Serikali ilikubali kujitazama. Naomba ujasiri huohuo uongezewe safu moja tu kwenye jedwali: kituo hiki kinatoa maji miezi mingapi kwa mwaka.

Halafu kuna watu. Sensa ya 1978, ambayo ndiyo iliyokuwepo wakati mpango wa 1982 unaandikwa, ilikuta Mbeya na watu milioni moja na ushee. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,343,754 Mbeya na 1,344,687 Songwe, ambayo ni eneo lilelile la zamani. Ni zaidi ya mara tatu. Chemchemi haijazaa. Kijiji cha watu 1,700 leo, ambacho kipimo chetu cha kiangazi kinakitosha kwa shida, hakitakuwa na watu 1,700 mtoto aliyezaliwa mwaka huu atakapomaliza shule. Mchoro unaohesabu watu wa leo tu unakuwa umechoka siku unapozinduliwa.

Sasa niingie kwenye daftari langu, maana huko ndiko nina uhakika zaidi.

Kwetu ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Ndoo 50 ni yuniti moja, kwa hiyo mama wa kijijini analipa shilingi 2,500 kwa yuniti na bado anabeba mwenyewe kichwani. Linganisheni na ankara ya nyumba yenye bomba uani mjini Mbeya au Iringa. Kaya ya watu watano ikichota lita 25 za sera kwa kila mtu inahitaji zaidi ya ndoo sita kwa siku, yaani zaidi ya shilingi 300, na kwa mwezi inapita 9,000. Kwa watu wanaoshika fedha wakati wa kuuza viazi au mahindi tu, hiyo ni fedha nzito. Matokeo yake wanachota ndoo tatu za kunywa na kupikia, kufua wanakwenda mtoni.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi fedha inavyoingia. Mvua zikinyesha watu wanakinga maji ya bati na kuchota vijito vya jirani, na makusanyo yangu yanashuka. Mvua zikikatika watu wote wanataka maji ya bomba, lakini bomba ndipo linapokuwa halina cha kutoa, na makusanyo yanashuka tena. Miezi ambayo maji yapo na wateja wapo haifiki nusu ya mwaka. Kwa fedha hiyo ninamlipa fundi, mlinzi wa chanzo na karani anayesoma dira. Ninalipia pia ada ya kibali cha kutumia maji, na ninanunua koki, viungio na gundi za bomba. Mwaka mzuri tunabakiza kidogo benki. Jembe la ng'ombe likikata bomba lililofukiwa juujuu, na limeshatokea, akiba inaondoka wiki moja. Ninyi wahandisi mnajua gharama ya kubadilisha bomba kuu la kilomita kadhaa au pampu ya kisima kirefu. Jumuiya kama yetu haiwezi kuifikia kwa shilingi 50, hata tuwe waaminifu kiasi gani.

Kwa hiyo naomba mpango wa kila mradi uandikwe wazi nani analipa nini. Matengenezo ya kila siku ni yetu, tunayabeba na hatulalamiki. Mabomba makuu, pampu na tenki vinapofikia mwisho wa umri wake, viwe na fungu. Mfuko wa Taifa wa Maji upo, na kijana wa bodaboda wa kijijini kwetu anauchangia kila anapojaza mafuta, kwa kuwa kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya shilingi 50 ya maji. Naomba sehemu ya mfuko huo itengwe kwa ajili ya kukarabati miradi ya zamani, na itajwe hivyo kwenye bajeti, isimezwe na miradi mipya kwa sababu miradi mipya ndiyo ina jiwe la msingi na kitambaa cha kufunua.

Kuna jambo la mlimani ambalo linatakiwa kuingia kwenye mpango uleule. Chanzo chetu hakikupungua kwa ukame peke yake. Pembeni yake kuna mikaratusi iliyopandwa na watu waliohitaji mbao na nguzo, na juu yake sasa kuna mashamba ya parachichi yanayomwagiliwa kiangazi kwa mpira, saa zilezile ambazo tenki letu linatakiwa kujaa. Mwenye parachichi si adui. Zao hilo limejenga nyumba Rungwe, Njombe na Mufindi, na mimi mwenyewe nina miche. Lakini anayetoa ushauri wa kilimo na anayechora mradi wa maji wanatembelea mlima uleule kwa siku tofauti, na hawasomi karatasi za mwenzake.

Hata vinyungu viko hapo. Kwa wasio wa huku, hivyo ni vishamba vya mabondeni tunavyolima kuanzia Juni, udongo ukiwa bado na unyevu, tukapata mahindi mabichi, maharage na mboga wakati ghala zimeanza kupungua. Ada za shule nyingi zimetoka kwenye vinyungu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 za mto au chanzo, na ninaielewa. Ila sheria hiyo ikija kijijini ikiwa ni askari wa kufyeka mahindi, watu wanaona maji yamekuwa adui wa chakula. Ikija ikiwa ni ramani inayosema bonde hili ni la chanzo cha kunywa, hapa tunang'oa mikaratusi na kupanda mivengi, miti yetu ya asili, na bonde lile pale mtaendelea na vinyungu vyenu kwa utaratibu huu, nawahakikishia mkutano mkuu wa kijiji utapitisha. Nimekaa kwenye mikutano hiyo. Watu hawakatai kuhifadhi. Wanakataa kuambiwa baada ya uamuzi.

Na mto hauishii kwetu. Mkoa wa Mbeya peke yake unamwaga maji pande tatu: Rukwa, Nyasa na Rufiji. Tuna mito miwili yenye jina moja la Songwe, mmoja unaingia Ziwa Rukwa na mwingine unaingia Ziwa Nyasa. Maji ya milima ya Kipengere na Uporoto yanashuka Usangu, yanalisha mpunga wa Mbarali na ardhi oevu ya Ihefu, yanakuwa Ruaha Mkuu, yanafika Mtera na Kidatu kuzalisha umeme, na sasa yanachangia Bwawa la Julius Nyerere. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mikoa imegawanywa, Njombe ikatoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, lakini maji hayakugawanywa. Mpango wa mkoa unaoishia kwenye kibao cha mpaka wa mkoa unapanga nusu ya mto. Bodi za mabonde, ninyi mnaoujua mto mzima, mkae mezani tangu siku ya kwanza, msisubiri kuletewa maombi ya kibali wakati mabomba yameshalazwa.

Najua kuna vijiji ambavyo havina chemchemi ya kupima. Isimani, Pawaga, sehemu za Usangu na nyanda za chini za Chunya, kule hadithi ni visima virefu, mabwawa na maji ya mvua, na Chunya kuna hofu ya zebaki ya wachimbaji wadogo inayotaka vipimo vya maabara kabla ya mtu kunywa. Ombi langu linawafaa nao: kisima kipimwe kiangazi, kivutwe maji kwa muda wa kutosha kuona kama kina cha maji kinarudi, na matokeo yabandikwe.

Na pale ambapo jibu ni kwamba kijiji kitasubiri, tuambieni. Mkisema kijiji fulani kimewekwa mwaka wa nne kwa sababu chanzo chake kinahitaji bomba refu na jirani zake wana hali mbaya zaidi, watu watanung'unika kisha watapanga maisha yao. Watanunua matenki ya kukinga maji ya bati, shule itajenga la kwake. Kinachotuchosha ni kuambiwa kila mwaka kwamba tumo, na kila Julai kukuta hatumo. Diwani na mbunge wanapata shida hiyohiyo, maana nao hawana orodha ya kuonyesha, wanaahidi kwa kubahatisha.

Karatasi ninayoiomba ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kwa kila kijiji. Iwe na jina la chanzo kama wenyeji wanavyokiita, tarehe ya kupima na sekunde za ndoo au lita kwa sekunde. Ionyeshe watu waliopo na watakaokuwepo baada ya miaka 20, ukubwa wa tenki, mwaka ambao kijiji kimepangiwa, na nani analipa nini. Mtendaji wa kijiji anaweza kuijaza akisaidiwa na mwalimu mmoja na wanafunzi. Mito mikubwa ina vituo vya bodi za mabonde vya kupimia mtiririko, ila chemchemi ndogo zinazolisha vijiji ni nyingi mno kwa bodi yoyote kuzifikia, na sisi tunalala karibu nazo. Mtaalamu aje kuhakiki, afundishe na asahihishe. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki.

Serikali imesema inataka kumtua mama ndoo kichwani. Mimi ni mmoja wa hao mama, na ninaamini nia hiyo ni ya kweli, kwa sababu nimeona miradi iliyojengwa na nimeona wanawake wa vijiji vya jirani ambao kweli ndoo imewashuka, Januari na Oktoba. Tofauti yao na sisi naijua kwa lita.

Mwezi wa kumi unaokuja jumuiya yetu itapima vyanzo vyote vya kijiji, cha mradi na vile viwili vya upande wa pili wa mlima, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa serikali ya kijiji. Jumuiya tatu za jirani zimekubali kufanya vivyo hivyo wiki hiyohiyo. Karatasi tutazipeleka kwa mtendaji wa kata, na nakala ofisi ya maji ya wilaya na bodi ya bonde. Tunaomba zipokelewe, zigongwe muhuri, mtaalamu atumwe kuhakiki kabla mvua hazijaanza, na namba hizo ndizo zitumike makisio ya mwaka wa fedha unaofuata yatakapoandikwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mweka hazina,
Jumuiya ya watumia maji ya kijiji,
Nyanda za Juu Kusini.